Gari likivuta kushoto, anza kulia

Dereva akikanyaga breki na gari likavuta kushoto, gurudumu la kwanza kufunguliwa gereji ni la kushoto. Dramu itang'olewa na kupigwa msasa, lainingi zitabadilishwa, mwenye gari atalipa, na kesho yake gari litavuta kushoto kama lilivyovuta jana. Atarudi. Safari hii itabadilishwa silinda ya gurudumu lilelile, na baada ya silinda, tairi. Nimeuona mzunguko huu katika gereji za Kericho, Litein na Bomet, na sikubali tena kuuita bahati mbaya. Unatokana na kosa moja la kufikiri, na kosa lenyewe hulelewa na jinsi tunavyowalipa mafundi wetu.

Nianze na kosa. Breki ikikanyagwa, magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kushika kwa nguvu sawa. La kushoto likishika sawasawa na la kulia likashika nusunusu, upande wa kushoto wa gari unazuiwa huku wa kulia ukiendelea kusonga. Pua ya gari inageuka kushoto. Kwa hiyo gurudumu la kushoto, lile linalolaumiwa, ndilo linalofanya kazi yake; mgonjwa yuko kulia. Fundi anayefungua kushoto na kuweka lainingi mpya anauongezea nguvu upande ambao tayari ulikuwa nazo, na ndiyo maana gari hutoka gereji likivuta vilevile au zaidi ya lilivyoingia. Zipo hali ambapo upande ule unaovutwa ndio wenye ubovu, nami nitazifikia. Lakini anayeanza uchunguzi wake upande wa pili atapata jibu mapema mara nyingi zaidi, na hatakuwa ameharibu kitu kizima njiani.

Wenye magari ya zamani wengi huishi na tatizo hili miaka na miaka. Utasikia gari "linavuta kidogo tu", na mikono ya dereva imeshazoea kuurudisha usukani kabla hata akili haijajua. Tupige hesabu tuone hicho kidogo ni kiasi gani. Land Rover ya zamani ina upana wa karibu mita 1.68. Katika njia yenye upana wa mita 3.5, inabakiwa na sentimita 90 hivi kila upande. Ikienda kilomita 60 kwa saa na kufungwa breki kwa nguvu kwenye lami kavu, itahitaji karibu mita 23 kusimama. Ikielekea digrii 3 tu nje ya mstari wake kwa urefu huo, itakuwa imehama mita 1.2. Digrii 3 ni pembe ambayo abiria hata haitambui, lakini tairi limeshatoka kwenye njia yake.

Nalo limetoka kwenda wapi? Kenya tunaendesha kushoto. Gari linalovuta kulia linaingia mbele ya malori yanayotoka Kisumu na Busia. Linalovuta kushoto linaingia ukingoni, na ukingo wa barabara katika nchi ya chai ni mahali pa watu. Kapsoit, Chepseon, Brooke, Kapkatet, Silibwet: popote barabara inapokutana na nyingine pana viazi ndani ya ndoo, mahindi jikoni, boda boda wamejipanga wakisubiri abiria, na wanafunzi wanatembea msururu mmoja kurudi nyumbani. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori liliacha njia likawaparamia watu wa aina hiyohiyo, wachuuzi na abiria na waendeshaji boda boda, na zaidi ya watu 50 wakafa. Silitaji kwa sababu breki zake zilivuta upande; sina msingi wa kusema hivyo. Nalitaja kwa sababu kila mtu wa Kericho anajua tangu siku ile kwamba mita moja nje ya njia si nafasi tupu. Mwenye gari anayeniambia linavuta kidogo tu ananiambia pia kwamba amekubali kuwaweka watu hao ndani ya hesabu zake.

Nchi yenyewe haizionei huruma breki. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo kwenda Ahero unateremka zaidi ya mita 800, na uzito wote huo unaoshuka lazima uzuiwe na injini na breki, nazo breki hugeuza nguvu yake kuwa joto. Mvua katika sehemu za chai hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Barabara nyingi za kuingia vituo vya kupimia majani chai ni za murram, na murram ikilowa hugeuka tope jekundu linaloingia ndani ya dramu na kukaukia humo. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yanapaswa kustahimili nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya. Yakishanyonya unyevu, kiwango chake kinaruhusiwa kushuka hadi nyuzi 140. Maji hayohayo hutia kutu ndani ya silinda za magurudumu, na kutu ndiyo inayoikwamisha pistoni. Kwa gari linalolala nje Sotik au Mogogosiek, mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari limesimama tu.

Na magari yenyewe ni ya zamani kwelikweli. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo Land Rover za springi za bapa, Peugeot 404 na 504 zilizobaki huku zimekuwa nchini tangu zamani. Nyingine zilizaliwa kazini, zikibeba mameneja na vipuri katika mashamba makubwa ya chai yaliyofunguliwa tangu miaka ya 1920. Nyingine zilikuwa za abiria, zile Peugeot za safari ndefu ambazo wazee wetu walizipanda kwenda Nairobi. Leo zinabeba maziwa, mbolea na mbao. Wachache wamezirudishia rangi na wanazipeleka kwenye maonyesho ya magari ya kale. Nazipenda zote, zile zinazong'aa na zile zenye harufu ya maziwa, na ni kwa kuzipenda ndiyo naandika.

Kericho ina haki ya pekee ya kulijali jambo hili. Joginder Singh, aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mara tatu, alizaliwa hapa mwaka 1932. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, gari lililokuwa limeshatumika, lenye dramu kwenye magurudumu yote manne. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Lakini takwimu inayonigusa mimi ni nyingine: katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Enzi zile magari mengi yalikuwa yakifia matopeni, hivyo kumaliza namna ile kulikuwa ni kazi ya fundi aliyelijua gari lake gurudumu kwa gurudumu. Watu humkumbuka kwa mwendo. Mimi ningependa vijana wa gereji za Kericho wamkumbuke kwa zile 19.

Sasa uchunguzi. Fundi mzuri haanzi na spana, huanza na maswali, nayo ni maswali ambayo mwenye gari anaweza kujiuliza mwenyewe kabla ya kumwita mtu. Je, gari linavuta hata bila breki? Kama ndivyo, tatizo pengine haliko kwenye breki kabisa: upepo wa matairi haulingani, au tairi moja la mbele ni la aina tofauti na mwenzake, au magurudumu hayajanyooka. Barabara zetu zimeinuka katikati ili maji yaende kando, kwa hiyo gari lolote lililoachiwa usukani litaelea kushoto polepole. Jaribio lifanyike mahali tambarare na pakavu pasipo watu, uani mwa kiwanda kwa ruhusa au uwanja mpana, si kwenye barabara kuu. Upepo upimwe kwa geji kabla ya jambo jingine lolote. Kuupima kwa teke si kuupima.

Swali linalofuata: linavuta lini? Hapa ndipo penye utajiri wote, na ndipo mafundi wengi wanapopapita haraka. Likivuta asubuhi tu, au baada ya kupita dimbwi, kisha likanyooka baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu, huenda dramu moja ililowa kuliko nyingine. Hilo si ugonjwa, ingawa linakuambia uangalie kama kinga ya nyuma ya dramu bado ipo. Likivuta ghafla mguu unapogusa pedali tu, shuku uchafu kwenye lainingi. Likichelewa kidogo, likavuta, kisha likajinyoosha kadiri unavyoendelea kukanyaga, mafuta yanafika upande mmoja kwa taabu. Likiendelea kuvuta hata baada ya kuondoa mguu, kuna gurudumu limekataa kuachia. Na likivuta leo kushoto, kesho kulia, acha breki kwanza. Tazama springi, bushi, boljointi na beringi, kwa maana kuna kitu kinachocheza.

Mikono nayo ni kipimo. Usukani ukinyakuliwa mikononi, tafuta mbele. Usukani ukitulia lakini makalio yakahisi mkia wa gari unakwenda kando, tafuta nyuma.

Halafu joto. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakina gharama. Endesha kilomita chache ukisimama kwa kawaida mara kadhaa, egesha, kisha usogeze mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Siku hizi kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali si ghali, na kila gereji ingepaswa kuwa nacho. Linganisha mawili ya mbele, kisha mawili ya nyuma. Gurudumu lililo baridi kuliko mwenzake halikufanya kazi. Hapo gari linalovuta kushoto litakuonyesha kulia baridi, na wasiwasi umekwisha. Lakini ukikuta la kushoto limechomeka kupita kiasi, rudia safari ileile karibu bila kukanyaga breki kabisa. Likiwaka tena, basi hilo ndilo gurudumu linalokwama, na hii ndiyo mojawapo ya zile hali nilizosema, ambapo ubovu uko upande unaovutwa. Mtu anaweza kuzitenganisha hali hizi mbili kwa nusu saa na bila kufungua nati hata moja.

Sasa gari lipandishwe kwenye jeki, likae kwenye stendi za chuma, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa kwa mawe makubwa au mbao. Msaidizi akanyage pedali polepole huku fundi akizungusha gurudumu moja la mbele, kisha la pili. Lipi linaanza kushika kwanza? Lipi linashika kwa udhaifu? Pedali ikiachiwa, yote mawili yanazunguka huru? Kama moja limekwama, fungua kidogo nipeli yake ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, lilikuwa limefungwa na shinikizo la mafuta lililonaswa, na mshukiwa mkuu ni hozi. Lisipoachia, tatizo ni la chuma: pistoni iliyoshika kutu, springi ya kurudishia iliyovunjika, au kalipa iliyokwama kwenye pini zake, kwa magari yenye diski mbele kama 504.

Nataka kukaa kidogo kwenye hozi, kwa sababu ndiyo inayodanganya kuliko kifaa kingine chochote. Hozi ya breki ni bomba la mpira lenye tabaka kadhaa. Nje inaweza kuonekana nzima kabisa, bila ufa wala jasho la mafuta, huku tabaka la ndani limevimba na kuziba njia. Mguu wa dereva una nguvu za kuyasukuma mafuta yapite kwenye upenyo huo, kwa kuchelewa. Springi ya kurudishia haina nguvu za kuyarudisha. Kwa hiyo hozi hiyohiyo moja inaweza kulifanya gurudumu lichelewe kushika na lichelewe kuachia. Gari litavuta upande mmoja mguu ukiwa juu ya pedali na upande wa pili mguu ukiondoka. Fundi asiyelijua hili atabadilisha lainingi, silinda, hata masta silinda, na gari halitapona. Hozi ni kati ya vifaa vya bei nafuu kwenye mfumo mzima wa breki. Kama hakuna anayekumbuka zilibadilishwa lini, zibadilishwe zote mbili za mbele.

Kwenye Land Rover za springi za bapa, mkosaji mwingine mkubwa ni mafuta ya ekseli. Oili sili ikichakaa, oili hupenya hadi ndani ya dramu. Ikiwa kidogo tu, lainingi inaweza kunata na kushika kwa pupa, na hapa tena gari huvutwa kuelekea upande mbovu. Ikizidi, lainingi huteleza na gari huvutwa upande wa pili. Ubovu ni uleule, ila mwezi huu unavuta kushoto na mwezi ujao kulia. Desturi ya kuiosha lainingi iliyolowa oili kwa petroli, au kuipitisha motoni, iachwe; oili imeshaingia ndani na itatoka tena joto likipanda kwenye mteremko. Itengenezwe sili kwanza, kisha lainingi zitupwe, za pande zote mbili. Lainingi mpya juu ya sili inayovuja ni pesa iliyomwagwa.

Na mbona magari ya dramu huvuta kuliko ya diski? Katika dramu, lainingi iliyo upande wa kutangulia mzunguko hujikaza yenyewe: dramu inapozunguka huiburuta na kuikandamiza zaidi ukutani. Ndiyo sababu dramu zilishika vizuri hata kabla ya breki kuwekewa kisaidizi cha nguvu. Lakini kujikaza huko hukuza kila tofauti ndogo. Lainingi za viwanda viwili tofauti, au dramu moja iliyochongwa ikawa pana kuliko mwenzake, au marekebisho ya upande mmoja yaliyolegea, huleta tofauti kubwa kwenye usukani. Kwa hiyo kila kinachobadilishwa kushoto kibadilishwe na kulia, kwa lainingi za pakiti moja. Muuzaji wa Kirinyaga Road au wa mjini Kericho akikuuzia za gurudumu moja, mwambie hapana. Na vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lilowanishwe na lifutwe kwa kitambaa cha maji. Naomba hili lizingatiwe na kila mwenye gereji anayewatuma vijana wa miaka kumi na saba kufungua dramu bila chochote puani.

Kuna jaribio jingine ambalo nasikitika kuona halifanywi, ilhali linahitaji kamba ya kupimia tu. Springi za bapa ndizo zinazoishika ekseli mahali pake. Bolti ya katikati ikikatika, au yubolti zikilegea, ekseli husogea nyuma upande mmoja breki inapokanyagwa, na gari hugeuka hata kama breki zote nne ni kamili. Nyosha magurudumu, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Land Rover fupi ya inchi 88 inapaswa kusoma sentimita 223.5 hivi kila upande. Pande mbili zikitofautiana, huna haja ya kununua lainingi.

Matengenezo yakiisha, mafuta yaingizwe mapya, hewa itolewe, na lainingi mpya zizoeshwe kwa kusimama kwa wastani mara kadhaa kutoka mwendo wa kilomita 50, zikiachwa kupoa katikati. Kisha gari lirudishwe kwenye uwanja uleule wa mwanzo, kwa mwendo uleule, mikono ikiwa imelegea juu ya usukani. Ni hapo tu fundi anaweza kusema amemaliza.

Yote niliyoeleza, mafundi wetu wengi wanayaweza. Wengine wanayajua kuliko nilivyoyaeleza. Kwa nini basi gurudumu la kushoto huendelea kufunguliwa? Kwa sababu hatuwalipi kutafuta. Fundi akitumia saa mbili kuendesha, kupima joto, kupandisha gari na kuzungusha magurudumu, kisha akasema ni hozi moja, mwenye gari atauliza mbona anatozwa pesa nyingi kwa kipande cha mpira. Akibadilisha lainingi, silinda na tairi bila kupima chochote, mwenye gari ataona vyuma vya zamani sakafuni, ataona maboksi mapya, na atalipa bila neno. Kwa mtindo huu tumewafundisha mafundi kwamba kufikiri hakuna mshahara na kubadilisha spea kuna mshahara. Fundi mwenye watoto shuleni atafanya kile kinacholipwa. Wa kulaumiwa wa kwanza ni sisi wenye magari, na dawa imo mifukoni mwetu: tukubaliane bei ya uchunguzi kabla ya gari kupandishwa jeki, ilipwe hata kama kilichopatikana ni kifaa cha bei ndogo, na fundi atuonyeshe alichokiona. Tumuulize gurudumu lipi lilikuwa baridi. Asiyeweza kujibu swali hilo bado hajachunguza.

Vyeti navyo vina nafasi yake. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, na vyuo kama Sot huko Bomet na Bureti huko Kericho vinafundisha vijana. Wale waliojifunzia chini ya mti wasiachwe nyuma. Ujuzi wao upimwe na utambuliwe. Lakini mtihani wa breki unaompa mwanafunzi dramu juu ya meza na kumwambia ataje sehemu zake hautoshi. Apewe gari linalovuta, uwanja, na saa moja. Aambiwe aandike kisababishi kabla ya kugusa spana.

Ukaguzi wa serikali, kama ulivyo, haufiki kwa magari haya. Matatu na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Yamekuwepo mapendekezo ya kuyaingiza na magari binafsi yaliyozidi miaka minne, na wenye magari ya kale wengi wameyapinga, wakihofia gharama na rushwa. Hofu hiyo naielewa. Hata hivyo naunga mkono ukaguzi, kwa sharti moja: breki zipimwe kwa mashine ya rola, si kwa jicho la mtu. Gari huwekwa ekseli moja baada ya nyingine juu ya rola zinazozunguka, dereva hukanyaga, na mashine husoma nguvu ya kila gurudumu peke yake. Uingereza, ambako Land Rover hizi zilitengenezwa, gari huanguka ukaguzi iwapo nguvu za magurudumu mawili ya mbele zinatofautiana kwa zaidi ya asilimia 30. Namba ikishatoka kwenye karatasi, mkaguzi hana cha kuuza na mwenye gari hana cha kubishia.

Mashine kama hiyo iwekwe Sot, nyingine Bureti, na isiwe ya polisi wala ya kutafutia faini. Kaunti mbili hizi hukusanya ushuru wa maegesho kila siku kutoka kwa magari hayahaya; sehemu ya fedha hizo igharamie rola, na wanafunzi waiendeshe chini ya walimu wao kwa ada ambayo mwenye pikapu ya maziwa anaimudu. Atakayepeleka gari atoke na karatasi yenye namba nne, moja kwa kila gurudumu, aipeleke gereji anayoitaka. Gari likishatengenezwa lirudi kupimwa mara ya pili bure, na karatasi zote mbili zibaki kwa mwenye gari, ili ajue fundi gani wa kumrudia.